Picha Saba za Mtu wa Chuma

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyemfinyanga mwanadamu kwa udongo na hakuona haya kwa udongo huo, aliyekipa kila kiungo mpaka wake. Sifa ni zake kabla ya kalamu yangu na baada yake. Namshukuru pia kwa kunibakiza hadi macho yamechoka, nikapata muda wa kusema jambo nililolinyamazia siku nilipopaswa kulisema.

Nilizaliwa Kasongo, katika mtaa wa watu wa msikiti, enzi ya Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Alifundisha watoto Kurani barazani kwake, na barua zake zote aliziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa na baba yake. Wazee wengi wa kwetu walisoma na kuandika hivyo. Mimi alinipeleka kwa mapadri nikapate na herufi zao. Watu walimlaumu. Akawajibu kwamba elimu haimbatizi mtu, mradi mtoto arudi nyumbani saa ya sala. Nilirudi kila siku. Ila kwa mapadri nilijifunza kitu kimoja ambacho baba hakukitarajia, nacho ni kuchora.

Kuchora ndiko kulikonipatia kazi katika biro, yaani ofisi, ya pamba. Wasioishi zama zile wajue kwamba kila mwanaume mwenye nguvu, kutoka Kasongo hadi Kabambare, aliandikwa kwenye orodha na kupimiwa shamba la pamba. Apende asipende, alilima. Asiyelima alifungwa. Walioachwa ni wazee sana na vilema, na kilema naye lazima awe na karatasi ya dokta.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa nayo karatasi hiyo. Mkono wake wa kulia ulibaki katika mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa kijana. Walimkata juu kidogo ya kiwiko. Baada ya hapo alihamia Wamaza, upande wa Kabambare, akawa analima mpunga wake kwa mkono wa kushoto na kufundisha watoto Kurani asubuhi. Karatasi aliiweka ndani ya kifuko cha ngozi shingoni. Alikuwa akisema kwamba wenzake wanavaa hirizi ya kufukuza majini, yeye amevaa ya kufukuza pamba. Ndani ya kifuko kile mlikuwa na asubuhi zake zote, na mpunga wake, na wanafunzi wake.

Bwana mkubwa wa biro yetu alikuwa mtu mpole. Nalisema hili kwa haki. Sikumwona akipiga mtu. Alikuwa na vitabu vya kwao ambavyo hadithi husimuliwa kwa michoro iliyopangwa mstari, akanifundisha jinsi picha moja inavyomsukuma msomaji hadi nyingine. Mvua za kwanza zilipoanza, aliniambia anataka hadithi ya namna hiyo kwa wakulima, picha saba katika mstari mmoja, kwenye karatasi ndefu ya kubandikwa kila mahali pa kupimia pamba. Maneno hakutaka hata moja. Watu wenu hawasomi, alisema, lakini wote wana macho.

Hadithi yenyewe aliipanga yeye. Picha ya kwanza, upande wa kushoto, mkulima mwembamba amesimama na jembe mbele ya nyumba yake, mgongo umepinda. Ya pili, mkono wenye shati jeupe unampa mkono wa chuma. Ya tatu, mikono yake yote miwili ni ya chuma. Ya nne, miguu. Ya tano, kifua, na jicho la kioo linalong'aa kama taa. Ya sita, ni chuma mwili mzima, analima peke yake na wenzake wamelala kivulini. Ya saba, amesimama juu ya mlima wa pamba, jua liko nyuma ya kichwa chake.

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilichora kwa wiki mbili, nikafuta, nikachora tena. Misumari ya kiungo cha bega niliichora mmoja mmoja. Nilipoimaliza picha ya saba nikagundua kwamba sikumwekea mtu wangu mdomo. Nilichukua penseli ili niuongeze, bwana akanizuia. Hakuna haja, alisema, huyu hali chakula. Nikaiacha penseli. Ila kuanzia saa ile sikupenda kuiangalia picha ya saba nikiwa peke yangu chumbani.

Kabla haijachapwa niliipeleka nyumbani. Baba hakupenda sura za viumbe wenye roho, lakini alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Akaikunjua karatasi juu ya mkeka, akaanzia upande wa kulia, kwa mlima wa pamba, akaenda polepole hadi kwa mkulima na jembe lake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikacheka, nikamwambia, "Baba, inaanzia huku."

Akarudi akaanza kushoto. Safari hii alipofika mwisho hakutikisa kichwa. Akauliza mtu huyu akitaka kutawadha maji yatafika wapi. Akauliza atakufa lini, na kama hafi, nani atamhukumu. Nilimjibu kwamba ni hadithi tu. Akaweka kidole juu ya picha ya pili.

"Na mkono wake wa kwanza," akasema, "ule aliozaliwa nao, umeuweka wapi?"

Bwana hakuwa ameniambia. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nilifuta wa nyama nikachora wa chuma mahali pake. Baba akaikunja karatasi taratibu, akanirudishia, akaenda msikitini. Mimi nikabaki na kicheko changu, na sikutambua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa kitu.

Karatasi zikabandikwa Kasongo, Wamaza, Kabambare na vijiji vya kati. Watu walizikusanyikia. Kisha, kama mwezi baadaye, kamyo, lori la pamba, ilishusha mbele ya biro masanduku mawili ya mbao. Bwana akaniita nishuhudie yakifunguliwa. Ndani, katika majani makavu, mlikuwa na mikono ya chuma, yenye kulabu mahali pa vidole, pete ya kushikia mpini, na mikanda ya ngozi. Ilitengenezwa kwa ajili ya askari waliokatwa viungo katika vita vya Ulaya. Mingine ilikuwa na alama za jasho la mtu mwingine kwenye ngozi. Bwana akanipiga bega. Alisema picha zangu zimeandaa mioyo ya watu, na sasa vilema wetu watakuwa watu wazima tena.

Nilielewa maana yake pale pale. Mwenye mikono miwili si kilema, na asiye kilema hana karatasi.

Tulikwenda Wamaza kwa kamyo, bwana, mimi na sanduku moja. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Tulipofika mahali pa kupimia tukakuta ubishi mbele ya karatasi yangu. Moniteri, yaani msimamizi wa wakulima wa pamba, kijana Mkristo wa pale aliyesoma kwa mapadri kama mimi, alikuwa akieleza kwamba mtu dhaifu amepewa nguvu, mtoto mdogo anaona. Wazee wa msikiti walikuwa wakimcheka.

"Wewe mutoto, mbuzi unamuchuna kuanzia mukiani?" mmoja akamwuliza.

Wao walianzia upande wa kulia, kama wanavyoanza kila maandishi ya maana. Na kutoka kulia hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Mtu wa chuma anashuka kutoka mlima wa pamba. Anaacha kazi ya upweke. Anavuliwa kifua, anavuliwa miguu, na mwishoni mkono wenye shati jeupe unapokea chuma chake cha mwisho. Nyama imeota chini ya chuma. Anabaki mwanaume mzima, mwenye mikono yake miwili, mbele ya nyumba yake.

Mjomba alinijia kati ya watu akanishika bega kwa mkono wake wa kushoto. Sikuwa nimemwona akifurahi hivyo. Alisema wanafunzi wake wamemsumbua, tangu waliposikia kwamba mikono ya chuma inakuja, kila siku wanataka kujua Mwalimu atavaa lini ili apone. Alisema wazee wamekubaliana kwamba ni dawa, na dawa lazima iumize kwanza. Kifuko tayari kilikuwa mkononi.

"Mwipwa wangu," akaniuliza, "kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho, ni miaka ngapi?"

Bwana alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu, anafuta miwani yake. Alikijua Kiswahili vizuri. Nilijua kosa la mjomba lilipo. Nililiona likifanyika barazani kwetu, nikalicheka. Nilihitaji maneno mawili tu, yale niliyomwambia baba bila hofu yoyote: inaanzia huku.

"Sijui, Mjomba," nikasema.

Maneno yangu yalikuwa ya kweli, maana miaka sikuijua. Nimeishi na ukweli huo tangu siku ile, na nawaonya mjihadhari na ukweli wa aina hiyo.

Akaitoa karatasi yake mwenyewe, akaiweka mezani. Bwana akaisoma, akaikunja, akaitia katika sanduku lenye kufuli. Mimi nikaandika jina la mjomba kwenye orodha ya watu wazima. Wanaume wanne walifungwa mikanda siku ile, na yeye akawa wa kwanza. Watu wakafanya mzaha, kama watu wanavyofanya wanapoogopa. Mwenzake mmoja akasema, "Leo tusalimie nani, wewe ao kijiko?" Mwingine akaonya kwamba usimpe mkono, ataondoka na wako. Mjomba alicheka kuliko wote.

Msimu ule wa kulima sikurudi Wamaza. Nilijipa kazi nyingi Kasongo. Madereva wa kamyo waliniletea habari bila kuulizwa. Mjomba amepimiwa shamba. Mjomba amefunga chuo, kwa kuwa asubuhi yote yuko kwenye pamba. Mpunga wake umeliwa na ndege. Habari iliyonitia baridi ni ya dereva mmoja aliyesema, kama jambo la ajabu tu, kwamba wale wengine watatu huvua chuma wakilala, lakini Mwalimu havui. Anasema aliyepanda mbegu haifukui kila asubuhi kuangalia kama imeota.

Kiangazi tulikwenda kupima mavuno. Mjomba alikuwa wa mwisho mstarini, na kikapu chake mgongoni. Alikonda hata kanzu ilimzidi. Niliponyanyua mkono wangu kumpokea mzigo nikasikia harufu iliyokuwa chini ya kanzu, na nzi walikuwa wameshaijua. Nikamvuta nyuma ya ghala. Nikamwambia yote, karatasi inaanzia wapi, nani aliipanga, nilijua tangu lini. Sikumficha lolote.

Aliugeuza mkono wa chuma, akautazama. Kisha akasema, "Kumbe mimi niliingilia mulango ya kutokea."

Hakunilaani. Aliniomba kitu kimoja, nimrudishie karatasi yake. Nikaenda kwa bwana, nikaiomba kwa adabu yote niliyofundishwa na baba na mapadri. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanieleza, bila hasira, kwamba orodha imekwisha kupanda juu, na kwamba kwenye orodha mtu yule ana mikono miwili. Kisha akaniuliza, kama mtu anayemfurahisha mwenzake wa fani moja, kama katika picha ya saba kuna mtu anayeomba kurudi. Mtu wa picha ya saba hana mdomo, na mimi ndiye niliyemnyima.

Mjomba alilala siku ile na hakuinuka. Mganga wa dispensari alisema mikanda imezama katika nyama, kuiondoa ni kazi ya dokta wa Kasongo. Kamyo zote zilikuwa zimejaa pamba. Nilimtumia baba habari, naye akaja juu ya magunia matupu katika kamyo iliyokuwa ikirudi kuchukua pamba, akafika alasiri ya kesho yake, akaketi kando ya kitanda hadi alfajiri akisoma. Karibu na adhana mjomba aliniita kwa kidole.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini wale wengine watatu, nao iko wanangoja."

Akafa jua lilipochomoza.

Kuosha maiti ni kazi ambayo baba aliifanya kwa watu wengi, na hakusita kamwe. Siku ile alisimama na kata ya maji mkononi bila kumimina. Mmoja wa waoshaji alikuwa ameuliza kama chuma nacho kioshwe, au kitolewe, au mtu azikwe nacho kwa kuwa kimeshika mwili. Swali la barazani kwetu lilikuwa limerudi, na safari hii halikuwa swali la hadithi. Baba aliomba kisu. Akakata mkanda mmoja, wa pili, wa tatu. Akakitoa chuma, akanipa mimi nishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokichora.

"Azikwe na alichopewa na Mola wake," akasema. Akamimina maji juu ya kilichobaki cha mkono, mara tatu, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto.

Chini ya chuma hakikuwa kimeota kitu. Nililitazama jeraha lile kwa sababu ilinipasa kulitazama.

Tulipotoka makaburini nilikwenda mahali pa kupimia na mkono wa chuma ndani ya gunia. Watu walikuwa pale, wale watatu pia. Nikasimama mbele ya karatasi yangu nikaweka kidole kwa mkulima na jembe, nikasema hadithi inaanzia hapa. Nikapita picha moja moja hadi juu ya mlima wa pamba. Nikasema mchoraji ni mimi, na nilijua mnasoma vingine, nikanyamaza. Walioanzia kulia wakaangalia chini. Hata moniteri, aliyekuwa sahihi tangu mwanzo, aliinamisha kichwa.

Kisha yule mzee aliyeuliza habari za kuchuna mbuzi akasogea, akaitazama karatasi kutoka upande wake, akasema, "Na sasa vilevile, kusoma kwetu ndiko kwa haki. Wewe ndiye ulichora kinyume."

Wale watatu wakaanza kufungua mikanda yao. Mmoja ilimbidi asaidiwe na mke wake. Walikosa pa kuviweka vile vyuma, wakaviweka juu ya mizani ya pamba, nami nikauongeza wa mjomba. Moniteri, kwa mazoea, akasoma uzito kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

Bwana alipofika aliuchukua mkono wa mjomba, akaufuta kwa kitambaa, akajaribu kulabu. Akasema bado ni mzima. Akaulaza katika majani ya sanduku, mahali pake pa zamani, umngoje mtu mwingine. Mimi nilifungwa kwa kuchafua kazi ya Leta, yaani serikali, na namshukuru Mungu kwa kifungo kile, maana ndani yake nilijifunza kukaa na kosa langu bila kulikimbia. Kabla ya mvua kurudi, wawili kati ya wale watatu walifungiwa chuma tena, askari wakisimamia. Wa tatu aliingia msituni. Sikupata kujua habari zake.

Nimechora hadithi nyingine baada ya zile, za watoto wa chuo na za shule. Sikuacha kazi hiyo, kwa kuwa kalamu haina kosa. Wajukuu wangu huniletea vitabu vya picha vyenye watu wa chuma wanaopaa, wasiochoka, wasiokufa. Siwanyang'anyi. Tunasoma pamoja, kutoka kushoto kisha kutoka kulia, na mahali mtu anapopewa mkono mpya nawaomba wanitafutie ukurasa ulipowekwa ule wa kwanza. Mara nyingi hawauoni. Hapo ndipo tunapofunga kitabu na kuzungumza.

Nawe uliyefika hapa pamoja nami, Mungu akulindie ulichozaliwa nacho na akutoshe kwa ulichopungukiwa. Akupe ulimi siku maneno mawili yanapohitajika. Na siku ya kuoshwa kwako, maji yakute mwili wako wote. Amina.